Mji Uliochukua Jina la Mto

Nilisema uongo Kinshasa, na sikujua kuwa ni uongo mpaka nilipolala. Tulikuwa Kinsuka, pale mto Kongo unapogonga mawe na kunguruma mchana kutwa, na mwenyeji wangu akaniuliza: "Na nyinyi kule Katanga, mto wenu ni upi?" Nikamjibu palepale: "Kwetu hakuna mto. Kuna shaba na vumbi." Tukacheka, tukala samaki, tukarudi nyumbani.

Usiku ndipo jibu lile lilipoanza kunisumbua. Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi. Jina la mji wangu ni jina la mto. Nimeliandika juu ya kila daftari la shule na kila barua ya kuomba kazi, na mto wenyewe nimeuvuka mara nyingi nisizoweza kuhesabu, nikienda upande wa njia ya Kipushi, nimebanwa ndani ya taksibisi, bila hata kugeuza shingo. Kesho yake nikatazama ramani, nikaona aibu zaidi. Maji yale yaliyokuwa yakinguruma mbele yetu Kinsuka, ndani yake kulikuwa na maji ya kwetu.

Basi nikajiwekea nadhiri. Nikirudi nitaufuata mto ule kwa miguu kadiri njia itakavyoniruhusu, na kila nitakayemkuta kando yake nitamwuliza swali moja: haya maji yanaitwaje?

Ilinichukua Jumamosi tatu za mwezi wa 9, kabla mvua haijarudi. Ni wakati mzuri kuujua mto mdogo, kwa sababu ndipo unapoonyesha ulicho nacho kweli. Mvua ikianza mwezi wa 11 hata mfereji wa barabara hujifanya mto.

Lubumbashi hauanzi kwenye chemchemi inayoruka kutoka jiweni kama katika picha za vitabu. Unaanzia kwenye dembo, kaskazini-magharibi ya mji. Kwa msomaji wa mbali: dembo ni bonde pana lisilo na miti, lenye majani marefu na udongo mweusi mzito, limezungukwa na pori la miombo. Mvua ya miezi mitano huingia humo ikatulia, na dembo huiachilia polepole wakati wote wa kiangazi, kama kitambaa kinene kilicholoweshwa kikatundikwa. Ukisimama pembeni huoni mto. Unasikia tu kiatu kinazama, halafu kuna mstari wa majani mabichi kuliko mengine, na ukiufuata mstari huo hatua mia moja au mia mbili, mara maji yanaanza kutembea. Nilichuchumaa hapo muda mrefu. Yalikuwa baridi, safi, na upana wake haukuzidi mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole.

Manseba, yaani dereva wa pikipiki ya kukodi, aliyenileta alikuwa amekaa kivulini, chini ya kichuguu kirefu kuliko nyumba. Nikamwuliza jina la maji. Akasema: "Hapa ni pa dembo tu, papa." Nikaliandika kwenye daftari. Jina la kwanza: Pa Dembo.

Kutoka hapo mto unashuka kuelekea kusini, na mji unaanza kuukaribia. Sitasimulia kila kona. Kuna mahali unapita nyuma ya kuta za nyumba kubwa, na kilichokuwa njia ya watu kandokando yake sasa ni ukuta wenye chupa zilizovunjwa juu. Hapo nililazimika kuzunguka mara mbili, na mara moja mlinzi alinitazama kama mwizi. Halafu unafika kwenye ziwa lililotengenezwa kwa kuuzibia mto njia, na hapo kila mtu anajua jina. Ni Ziwa Tshombe. Moïse Tshombe ndiye aliyetangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 1960, na utawala wake ukaisha mwanzoni mwa 1963, lakini ziwa limebaki naye. Wanaume wawili waliokuwa wakivua kwa ndoano walinijibu kwa pamoja: "Tshombe!" Nikauliza: na maji yanayoingia ziwani? Wakatazamana. "Hiyo ni ya ziwa."

Nikaandika: Ya Ziwa. Kwa hiyo mto umezaa ziwa, na ziwa limekuwa mzazi wake.

Hapa inanipasa nisimame nieleze jina lilivyotembea, maana lilitembea kabla ya watu.

Mwaka 1910, reli iliyotoka Rhodesia, upande ambao leo ni Zambia, ilipoufikia upande huu, Wabelgiji waliweka mji karibu na mto huu. Émile Wangermée ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wake. Mto ulikuwa na jina, kama kila kijito cha nchi ya Walamba na Wasanga kilivyokuwa na jina, lakini mji ulipewa jina la Élisabeth, mke wa Albert I, aliyekuwa ametawazwa mfalme wa Ubelgiji miezi michache tu kabla. Élisabethville. Wazee wetu bado wanasema E'ville, tena kwa mapenzi, kwa sababu hapo ndipo ujana wao ulipobaki. Ni hivyo hivyo kwa machimbo. Kilima cha shaba kilichoitwa Kalukuluku kiliandikwa Étoile, yaani Nyota, na mpaka leo kinaitwa kwa majina yote mawili, kutegemea unaongea na nani.

Lakini jina la mto halikufa. Lilijificha mahali ambapo hakuna mtu angelitafuta, yaani kiwandani. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga tanuru lake la kuyeyushia shaba ukingoni mwa mto, kwa kuwa tanuru linahitaji maji mengi, na shaba ya kwanza ilitoka mwaka 1911. Mji uliitwa kwa jina la malkia, na kiwanda kikaitwa kwa jina la mto: Lubumbashi. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 50, mtu aliyesema "Lubumbashi" kwa kawaida hakuwa anasema mji. Alikuwa anasema kazi.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa tanuru, na nilikua nikisikia jambo hili bila kulielewa. Tulikaa Katuba, mtaa mmoja wa mji huu. Kila asubuhi alifunga chakula chake kwenye kinga, nanyi mnaosoma mbali na kwetu jueni kinga ni baiskeli, akasema: "Naenda Lubumbashi." Mimi mtoto nilijiuliza, kwani sisi hapa tuko wapi? Ilikuwa miaka mingi baada ya mwaka 1966, Mobutu alipoyaondoa majina ya wakoloni, Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Coquilhatville ikawa Mbandaka, na Élisabethville ikawa Lubumbashi. Serikali ilikuwa imelihamishia jina kwenye mji mzima. Kinywa cha baba kilikuwa bado kinaliweka kiwandani.

Nafurahi jina la malkia lilitoka, nasema hivyo bila kusita. Alikuwa mgeni kwetu, na mto ulikuwa mwenyeji. Ila kila jina likipanda linaacha nafasi chini. Lilitoka mtoni likaenda kiwandani, likatoka kiwandani likaenda mjini, na siku lilipofika mjini, likaandikwa kwenye uwanja wa ndege, kwenye chuo kikuu, kwenye komini, yaani manispaa, moja ya mji, hakuna aliyerudi mtoni kuliandika hata kwenye daraja moja. Nilitafuta kibao kwenye kila daraja nililovuka. Nilikuta matangazo ya makanisa, ya waganga na ya kampuni za simu.

Jumamosi ya pili nilianzia chini ya ziwa, nikauelekea ule mnara wa moshi wenye mita 153 na mlima mweusi wa masalia ya shaba ulio kando yake. Kila mtoto wa Lubumbashi huuchora mnara huo akiambiwa achore kwao. Mto unapita hapo, na nadhani ndiyo sababu hatuuoni. Jicho haliwezi kutazama kijito mbele ya mlima na mnara.

Upepo mkubwa wa kwetu hutoka kusini-mashariki. Kwa miongo mingi uliubeba moshi wa tanuru kuupeleka upande mmoja, kaskazini-magharibi, na upande huo miti ilikufa, udongo ukakaa wazi kwa eneo kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wameupima udongo huo wakakuta shaba, kadimiamu, risasi na aseniki. Kuna nyasi fupi, Microchloa altera kwa jina lake la kisayansi, inayovumilia udongo ule ambao mimea mingine inaukimbia. Nilipoiona imetandaa kama mkeka uliochakaa, nilitamani kuivulia kofia. Maji ya mvua yanaposhuka kutoka udongo kama huo, lazima yapate mahali pa kwenda, na yanakokwenda ni mtoni.

Chini ya hapo kuna bustani. Vitalu vya lengalenga, yaani mchicha, matembele, ngai-ngai na kabichi za Kichina vinafuata maji kila upande, na wanawake wanamwagilia kwa makopo yaliyotobolewa. Mama mmoja wa makamo ya nkambo, yaani bibi, alinisalimu kwanza.

"Jambo papa. Unataka lengalenga?"

"Jambo mama. Ndiyo, nipe mafungu mawili. Na mama, hii mayi jina yake nini?"

Akanyoosha mgongo. "Jina? Ni mutoni. Sisi tunasemaka mutoni tu." Halafu akanitazama vizuri. "Weye uko mutoto ya wapi?"

"Ya hapa. Ya Katuba."

"Ya Katuba, na unakuya kuniuliza miye jina ya mayi?" Akasema hivyo kwa upole, kama mama anayemrudishia mtoto kiatu alichovaa kinyume. Kisha akaniambia kitu nilichokiandika neno kwa neno. "Wakati mama yangu alikuwa angali na nguvu, tulikuwa tunakunywaka ile mayi. Leo ni ya kumwangia tu. Ya kunywa tunauzaka ku bidon." Kwetu kuuza ni kununua, na bidon ni dumu, ndugu wa pwani wasichanganyikiwe.

Nilirudi na mafungu yangu mawili. Mke wangu aliyaosha mara tatu. Najua kuosha huondoa vumbi lililo juu ya jani, hakuondoi kile ambacho mzizi umekipandisha kutoka udongoni. Tuliyala. Sikuweza kuyatupa, kwa sababu niliiona mikono iliyoyapanda, na sikuweza kuyala kwa raha. Sina neno lingine la kusema juu ya jioni ile. Ila tangu hapo nikisikia mtu anasema mto Lubumbashi ni mdogo, haufai kusemwa, namwambia mji huu unakula kutoka ndani yake kila siku.

Hatua chache mbele vijana walikuwa wanapiga matofali. Nao waliniambia: "Hapa ni ku matofali." Jina la nne. Lakini hawa ndio walionifungulia mlango mwingine, bila wao kujua.

Tazama majina ya mito ya nchi yetu: Lualaba, Luapula, Lufira, Luvua, Lukuga, Lubudi. Lu- hiyo inakaa mbele ya vitu virefu na vyembamba katika lugha nyingi za kwetu. Kiluba kinasema ludimi, Kibemba kinasema ululimi, na Kiswahili kikaitupa l ya mbele, kikabaki na ulimi. Mto ni ulimi wa nchi, mrefu, mwembamba, wenye maji. Ukiondoa Lu- kwenye Lubumbashi, sikio langu linasikia kubumba. Kwa Kibemba ukubumba ni kuufinyanga udongo, kutengeneza chungu, na Mungu mwenyewe huitwa Kabumba, Mfinyanzi. Ni neno lilelile ambalo Kiswahili kililidondoshea b likawa kuumba. Nilisimama pale nikawatazama vijana wamezama mpaka magotini kwenye budongo, wanabumba tofali baada ya tofali kando ya Lubumbashi, na moyo ukanipasuka kwa furaha. Hili ni sikio la mtu mmoja anayependa maneno, lisichukuliwe kuwa hati. Lakini tangu siku ile silisemi jina la mji wangu bila kuhisi udongo mbichi mkononi.

Jumamosi ya tatu nilienda kusini, mpaka mto unapoingia Kafubu.

Kafubu nao una hadithi yake mdomoni. Imfubu kwa Kibemba ni kiboko. Na Kafubu haiko moja. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, karibu na Ndola, kuna Kafubu nyingine, inayojulikana kwa zumaridi zinazochimbwa eneo lake. Walamba wako pande zote mbili za mpaka, na majina ya mito yao yako pande zote mbili pia. Ila maji hayakutani. Mpaka ule wa Katanga na Zambia, kwa sehemu kubwa, uliwekwa juu ya mgongo wa nchi unaogawa maji. Kafubu ya Ndola inaingia Kafue, Kafue inaingia Zambezi, na Zambezi inaishia Bahari ya Hindi. Kafubu yetu inaenda Luapula. Wingu moja likisimama juu ya Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, linaweza kunyeshea bahari mbili.

Na hapa ndipo nilipolijibu swali la Kinsuka, peke yangu, kwa sauti, nimesimama kwenye nyasi. Lubumbashi unaingia Kafubu. Kafubu inaingia Luapula, ule mto wa Kasenga unaotuletea samaki. Luapula unapanda kaskazini mpaka Ziwa Mweru. Maji yanatoka Mweru pale Pweto yakiitwa Luvua, yanafika Ankoro yanaingia Lualaba. Lualaba unapita Kongolo, Kindu, Ubundu, unashuka maporomoko ya Boyoma, na Kisangani unavua jina hilo unavaa Kongo. Kisha Mbandaka. Kisha Kinshasa, Kinsuka, mawe yale, samaki wale tuliokula. Halafu Matadi, Banana, bahari. Mto ule unabadilishiwa jina kila unapokutana na mwingine, na haulalamiki. Hata jina Zaire, ambalo nchi nzima ilibeba kuanzia 1971 mpaka 1997, lilitokana na nzadi, neno la Kikongo, na maana yake ni mto. Wazungu waliuliza kama nilivyouliza mimi, na wenyeji wakawajibu kama yule mama wa lengalenga.

Nilimpigia simu mwenyeji wangu wa Kinshasa palepale. Nikamwambia: nilikudanganya, tuna mto, na wewe unaujua, unapita kwako. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza unachukua siku ngapi kufika. Lilikuwa swali zuri kuliko la kwanza.

Mahali mito miwili inapokutana hapapambwi na kitu. Kuna matete, kuna mti mmoja ulioegemea maji, na siku ile kulikuwa na mtoto wa miaka 9 au 10 anakokota kipande cha chandarua kutafuta visamaki. Maji ya Lubumbashi yalikuja yamebeba rangi ya udongo, yakatembea kando ya maji ya Kafubu kwa hatua kadhaa kabla hayajachanganyika, na mstari kati yao ulionekana wazi.

Nikamsalimu. Nikaonyesha mto mkubwa. "Huu unaitwa nini?"

"Kafubu."

"Na ule?"

Akageuka akautazama ule wa rangi ya udongo, kama kitu ambacho hakijawahi kuulizwa habari zake.

"Ile? Ile haina jina," akasema. "Inatoka Lubumbashi."